Duara la Sehemu Mia Nne

Nilianza sekondari nikiwa na miaka ishirini na tisa, Septemba 1983, na diploma ya serikali niliipata Julai 1989. Marehemu mume wangu alikuwa mpima viwanja. Alinifundisha hesabu za pembe kwa kifaa chake mwenyewe, teodoliti ya zamani ambayo duara lake limegawanywa sehemu mia nne, na kila sehemu dakika mia. Alipofariki, Oktoba 1995, nilikuwa tayari nafundisha hisabati katika shule ya wasichana mjini Bukavu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kubahatisha.

Jumanne ya kwanza ya Machi 1999, kamanda mmoja wa waasi waliokuwa wameushika mji aliingia chumba cha walimu na walinzi wawili. Alikuwa ameelekezwa kwangu. Aliweka mezani darubini mbili za bunduki.

"Maman professeur, hizi ziko za aina mbili, na basoda bangu, hawa askari, banachanganya. Mumoja anahesabu hivi, mwingine vile. Nataka aina moja tu. Nichague gani?"

Moja ilipimwa kwa dakika za pembe. Nyingine ilipimwa kwa sehemu za elfu: penye umbali wa mita elfu, alama moja ni mita moja. Ningeweza kusema sijui. Lakini katika maisha yangu yote hakuna mwanamume mwenye cheo aliyewahi kuniletea swali la hesabu, kisha akasimama kungoja jibu. Nikachukua kalamu. Dakika moja, penye mita mia, nilipata sentimita moja na nusu na kitu. Alama ya elfu, sentimita kumi.

"Chagua dakika," nikamwambia. "Ni ndogo zaidi, kwa hiyo zinapima kwa usahihi zaidi."

Nikamwandikia na jedwali: umbali huu, pandisha dakika hizi. Alilikunja akalitia mfukoni, akasema askari wangeanza kulifuata Jumatatu.

Alhamisi mchana wanafunzi wangu walikuwa wakipima pembetatu. Nilipoinama juu ya daftari la mmoja wao, niliona kipimapembe chake kimeishia mia na themanini, si mia mbili. Nilikuwa nimeligawa duara kwa mazoea ya nyumbani mwangu. Darubini ile ilitengenezwa na watu wa duara la sehemu mia tatu na sitini, kila sehemu dakika sitini, na dakika yao ni karibu sentimita tatu. Mwenye kufuata jedwali langu angepandisha karibu mara mbili ya inavyotakiwa.

Wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Risasi zipite juu, nani angelalamika? Lakini nyumba za Bukavu zimepandana kilimani. Kule mtaa wa Cimpunda mlango wa huyu uko juu ya paa la yule, na risasi inayomkosa wa chini ina mwenyewe huko juu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine sikuitaja hata katika maungamo: karatasi yenye mwandiko wangu ilikuwa na kosa.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, nilikwenda kambini.

"Kamanda, nilikosea," nikasema, nikamweleza.

Mlinzi mmoja akaangua kicheko. "Eh! Kumbe hata professeur anakosaka!"

Kamanda hakucheka. "Maman, ulitaka tukufe?"

"Ningetaka hivyo, saa hii ningekuwa darasani."

Alilitoa jedwali langu mfukoni, akalichana vipande viwili.

"Basi leo nichague gani?"

Jumanne nilikuwa nimejibu kama mtahiniwa anayetafuta alama. Sasa nilikuwa nimekwisha kuziona nyumba, za chini na za juu, na swali lilikuwa lilelile. Njia ya kurudi nyumbani bila kujibu haikuwapo. Au ilikuwapo, nami sikuitafuta.

"Zile za elfu," nikasema. "Zinaendana na mita. Askari aliyeishia darasa la tatu hawezi kuzikosea."

Akamwamuru yule mlinzi aliyecheka aandike. Nikarudia polepole, kama imla, nikimngoja kila alipokwama: penye mita mia, sentimita kumi, penye mita mia mbili, sentimita ishirini. Alipofika mita elfu aliacha sifuri moja, nami nikanyoosha kidole juu ya karatasi nikamsahihisha.