Ndege Wala Nyuki wa Uani Kwangu

Shule niliishia darasa la nne, na sisemi hivyo kwa aibu. Leo ukiulizia asali safi pale Mpanda mjini, hata asiyenipenda atakuelekeza kwangu. Nyumba ya bati, trekta, watoto waliosoma mpaka wakanipita, vyote nimevitoa juu ya miti. Ila mwanzo wake haukuwa mtini. Ulikuwa uani kwangu, Kakese, miaka ya tisini, kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Wakati huo nilikuwa na mizinga michache ya magome, nimeitundika porini pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mkonongo aliyekulia kwenye nyuki. Msimu mmoja nyuki walinivamia nikiwa juu ya mti. Nilijiachia, nikaanguka kama gunia. Mifupa ilipona, uvimbe wa uso ukaisha, lakini masikio hayakupona. Nikisikia mvumo tu, natimua mbio. Mimi, niliyekuwa nabeba magunia mawili ya mahindi watu wakishangilia!

Balaa likanifuata nyumbani. Kundi la nyuki likahamia kwenye mtungi uliopasuka, kando ya njia ya chooni. Nikawa nazungukia uani kwa jirani ili nifike kwenye choo changu mwenyewe.

Shemeji akaja. Huku kila mzinga una alama ya mwenyewe iliyochongwa kwa kisu, na mwenyewe akishindwa kuurina, mwingine huja kuchonga yake juu, mzinga ukawa wake.

"Shemeji, kurina kumefika. Unapanda au nitafute mtu?"

"Mgongo bado."

"Mgongo huo mbona jana uliruka ua wa jirani?"

Mke wangu akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mwambie! Jirani ananiuliza kama choo chetu kimejaa."

"Nyie chekeni tu."

"Mwezi ukiandama nakuja na kamba," shemeji akasema. "Usipopanda, nachonga ya kwangu. Sitaki tugombane baadaye."

Nikabaki na asubuhi zangu. Ilikuwa kipupwe, moshi wa mashamba umelala chini kama maziwa yaliyomwagika, jua linakuja taratibu kama lenyewe bado lina usingizi. Ndipo wakaja. Ndege wadogo wa kijani, koo la njano, mdomo mwembamba uliopinda. Wengine huwaita keremkerem. Walitua kwenye kamba ya nguo wakabanana bega kwa bega wakiota jua. Mmoja akachomoka, akazunguka hewani, akarudi palepale na nyuki mdomoni.

Kwanza nilikasirika, maana hata nyuki wa mtungi nilishawahesabu kuwa wangu. Halafu hasira ikanitoka. Ndege yule hakummeza. Alimgonga kwenye kamba, akamsugua upande wa mkia, akamgonga tena, mpaka mwiba ukatoka. Bila haraka kabisa. Ndipo akammeza, akatulia, mabawa yanang'aa kama shaba. Kila asubuhi nikawa natoa kiti, chai inapoa mkononi, naangalia mpaka sijui kama naangalia au naota. Mvumo bado ulikuwepo, ila sasa ulikuwa kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Siku moja ndege mmoja alimshika nyuki vibaya. Nikamwona anatikisa kichwa, amemwachia, amejikunyata manyoya yamesimama. Amechomwa huyo, nikasema. Wenzake hawakusogea. Alikaa hivyo muda mrefu, jua likimpanda mgongoni. Nikangoja aende zake. Akajikung'uta, akaruka kuelekea mtungi uleule.

Kumbe na yeye inamuuma! Mimi siku zote nilidhani anawala kwa sababu hawamuumizi, nami nilikuwa nangoja woga uniishe ndipo nipande. Niliinuka nikawasha kienge cha majani makavu, nikashika njia ya chooni, napuliza moshi, hatua kwa hatua.  Nyuki mmoja akanichoma shingoni. Nikafika.

"Baba watoto," mke wangu akaita toka jikoni, "umepita njia gani?"

"Ya kwangu!"

"Haya, rudi na hiyohiyo tukuone."

Nikarudi nayo.

Mwezi ulipoandama, shemeji alinikuta nimeshasokota kamba. Tuliingia porini jua likielekea magharibi, miyombo imesimama kimya, mwanga unapenya kati ya majani kama kitu unachoweza kukinga kwa kikombe. Nilipanda. Juu sikukurupuka: moshi, nangoja, moshi tena. Wa kwanza akanichoma kwenye kope, wa pili mkononi.

"Vipi huko, shemeji?"

"Wananichoma!"

"Basi shuka!"

"Nishuke niende wapi? Leta ndoo!"

Akacheka, sauti yake ikazunguka kwenye miti. Ndoo ikapanda tupu, ikashuka na masega meupe, mazito. Nikaegemea tawi kupumua. Jicho moja limeziba. Kwa lile lingine niliutazama msitu unavyokwenda, unakwenda, mpaka mwisho wake umekuwa bluu kama moshi. Hakuna mtu wa kuumaliza huo kwa miguu. Lakini kuutundikia mizinga, nikajiambia, kazi hiyo ni ya kwangu. Kabla sijakanyaga chini nilikuwa nimeshachagua miti.