Bibi Alipiga Magoti Goti Likiwa na Ganzi

Siku ya pili baada ya kuwekewa goti la bandia, bibi yangu alishuka kitandani, akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, na hakusikia chochote.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Na nilikuwa nimeambiwa nizuie jambo hilohilo.

Sikusema neno.

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Hata dukani nikienda kununua chumvi, naonyesha kwa kidole. Mnivumilie, na mkifika mwisho msinitukane sana.

Naitwa Jovita. Niliacha shule darasa la tano mama alipofariki, nikabaki na bibi yangu Ephrasia kwenye kibanja chake, Buganguzi, wilaya ya Muleba. Migomba, mibuni, nyumba yetu, kaburi la babu, vyote viko ndani ya kibanja hicho. Ukikitoa hicho, sisi hatuna pa kulala.

Bibi hakupata mtoto wa kiume. Alimzaa mama yangu tu.

Kwa hiyo tangu babu afe, kaka mkubwa wa marehemu, Babu Rutaihwa, alikuwa akikitazama kile kibanja kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Magoti ya bibi yalipoharibika, akapata la kusema. Aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mjane asiyeweza kuinama hawezi kupalilia, migomba itakufa. Afadhali kibanja apewe mwanawe Aroni, na bibi atafutiwe chumba apumzike.

Wazee hawakumkubalia, hawakumkatalia. Walisema wataona.

Mwaka jana wakaja madaktari bingwa wa mifupa kwenye hospitali moja mjini Bukoba. Bibi akaingia kwenye orodha, goti la kulia, lile baya zaidi. Akanichagua mimi niende kumuuguza.

Alipasuliwa Jumanne.

Nilijiandaa kusikia kilio. Bibi alirudishwa wodini, akafumbua macho, akaomba uji.

Daktari Kahangwa alikuja kutueleza. Alisema wamemchoma sindano za ganzi kuzunguka goti, ganzi ya kukaa muda mrefu, ili aanze kutembea mapema bila kuteseka na bila zile dawa kali za kumlaza siku nzima. Lakini vidonge ameze kwa saa zake hata kama haumwi, ili ganzi ikiondoka vidonge viwe vimeshashika kazi.

Bibi akauliza itakaa siku ngapi.

Daktari akasema kama siku tatu, wengine pungufu. Mpaka Alhamisi jioni hatasikia maumivu.

Bibi akashukuru, akageukia ukutani.

Baadaye nesi Annastella aliniita pembeni. Alikuwa amempima bibi kwa pamba yenye spiriti ya baridi, bibi hakushtuka.

"Sikiliza, binti. Goti lake likiumia sasa hivi, haliwezi kumwambia. Wewe ndiye utamwambia. Asishuke peke yake. Asipige magoti, hata akitaka kusali rozari, asali amekaa. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa najua.

Jumatano bibi alitembea mpaka mlangoni na kurudi, ameshikilia kile chuma chenye miguu minne, mimi na nesi tuko pembeni yake. Mama mmoja wa kitanda cha pili, Restituta, aliyevunjika nyonga, alimwangalia tu.

"Wewe bibi, umewekewa goti au umewekewa injini?"

Wodi nzima ikacheka. Bibi pia.

Jioni akaniomba nimpigie simu Mzee Byarugaba, mkubwa wa ukoo wetu. Waliongea Kihaya kwa kifupi. Bibi alimwomba aje na wenzake kumwona, na akasisitiza iwe kesho, isiwe Ijumaa.

Nilidhani amekumbuka watu wa nyumbani.

Alhamisi saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, wakaja watatu. Mzee Byarugaba, mzee mwingine anaitwa Protase, na Babu Rutaihwa.

Babu Rutaihwa ndiye aliyeanza. Alisimama miguuni mwa kitanda, akatoa pole ndefu. Akasema chuma ni chuma, hakiwezi kuwa mfupa. Akasema sasa shemeji yake apumzike, kazi za shamba aziachie wenye miguu.

Mzee Byarugaba hakumtazama. Alikuwa anamwangalia bibi.

Bibi akafunua shuka.

Akashusha mguu wa kushoto. Akashusha wa kulia kwa mikono, kama unavyoshusha mzigo wa mtu mwingine. Akashika chuma cha kitanda, akaanza kwenda chini.

Kwetu mwanamke akiwaamkia wakubwa wa upande wa mumewe hupiga magoti. Tumefundishwa tangu wadogo. Na ukishapiga magoti huinuki mpaka uitikiwe.

Nilifungua mdomo. Wazee watatu wa ukoo walikuwa mbele yangu, na mbele ya wazee wa ukoo mimi sijawahi kusema hata hapana.

Nikaufunga.

Magoti yote mawili yakagusa sakafu. Uso wa bibi haukubadilika kabisa. Ungedhani ameketi kanisani.

Akamwamkia Mzee Byarugaba. Akaitikiwa.

Akamwamkia Mzee Protase. Akaitikiwa.

Akamwamkia Babu Rutaihwa.

Kimya.

Babu Rutaihwa alikuwa anaangalia lile goti. Bibi anasubiri, kichwa ameinamisha, mikono kifuani. Watu wa vitanda vingine wamegeuka kutazama.

Mimi nilikuwa upande wa ubavuni, ambako gauni lilikuwa limepanda. Kwenye bendeji nikaona doa jekundu, dogo kama punje ya kahawa. Nikalitazama likikua mpaka likawa kama kiganja cha mtoto.

Nikasema moyoni, itikia. Babu, itikia.

"Rutaihwa," Mzee Byarugaba akamwambia, "unaamkiwa."

Babu Rutaihwa akaitikia.

Bibi akashika kitanda kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama, akakaa. Akajifunika shuka. Hakuna aliyemsaidia.

Mzee Byarugaba akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye leso, akampa bibi kwanza, kama anavyopewa mwenye nyumba. Kisha akasema bila kumtazama mtu yeyote:

"Tumekuja kuona na tumeona. Kibanja kina mwenyewe."

Mzee Protase akakubali. Babu Rutaihwa akachukua kofia yake.

Walipotoka tu, damu ikatokeza juu ya shuka.

Nilikimbia. Annastella alikuja, akafungua bendeji, nikaona kidonda kimeachia nyuzi kama mfuko wa mchele uliopasuka mdomo. Bibi anatafuna kahawa yake. Haumwi.

"Nani alikuwa naye?" Annastella akauliza.

Nikanyoosha mkono, kama darasani.

Akaniuliza kama nilisahau alichoniambia. Nikasema sikusahau.

Angenifokea ningejua pa kuangalia. Hakunifokea. Aliniomba nisogee tu, apitishe kitanda.

Bibi akarudishwa chumba cha upasuaji jioni ileile, wakaosha, wakashona upya.

Ijumaa saa sita mchana ganzi ya Jumanne iliondoka. Vidonge vilisaidia kidogo, lakini goti sasa lilikuwa limeumizwa mara mbili. Bibi alizaa bila kupiga kelele, akamzika mume na binti bila kupiga kelele. Siku ile aliuma pindo la khanga mpaka likatoboka.

Nilimshikia beseni. Nilimfuta jasho. Sikulia, sikuogopa. Ni kama siku bibi alipochomwa ganzi, sindano nyingine iliniingia mimi, na yangu haikuwa na siku ya kuisha.

Jumapili maumivu yalipopungua nilimwomba msamaha. Nilimwambia niliambiwa nimzuie, niliona damu, nikanyamaza. Nilisema kwa sauti ndogo, akanitaka nirudie.

Nikarudia.

Bibi akanivuta karibu.

"Mwana wange, ungesema ningekusukuma."

Akajiinua kidogo kwenye mto.

"Mimi nilijua litaumia. Daktari aliposema siku tatu, nikahesabu. Ijumaa nisingeweza. Nyumbani nisingeweza tena mpaka kufa. Nilikuwa na siku moja tu ya kupiga magoti mbele yao, nikawaita."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia mapema.

"Ningekuambia ungebeba mzigo. Evodia wa jirani aliomba aje kuniuguza, unajua? Ana mdomo yule, angeita hospitali nzima." Akavuta shuka. "Nilikuja na wewe kwa sababu nilijua hutasema."

Alisema kwa upendo. Sina shaka.

Nilichukua beseni nikaenda kuliosha, ingawa lilikuwa safi.

Kidonda kilitunga usaha. Tulikaa Bukoba wiki saba. Goti la bibi leo linakunja kidogo sana, anatembea kwa fimbo, na watu huamkiana naye akiwa amekaa kwenye kiti. Jembe hashiki. Napalilia mimi, navuna kahawa mimi. Yaani alichosema Babu Rutaihwa kimekuwa kweli, lakini ukoo ulishaona kwa macho yake na neno lilishatoka. Kibanja ni chetu.

Watu wa kwetu wakiisikia habari hii hucheka, humsifu bibi, wanasema ni mwanamke wa shoka. Daktari Kahangwa hakucheka. Alisema ile dawa iliwekwa ili bibi apone bila mateso, na goti lile lilikuwa na uwezo wa kumpeleka shambani miaka mingi.

Mimi nimekaa na pande zote mbili mpaka leo.

Somo langu ni hili. Ukimuuguza mtu aliyechomwa ganzi ya muda mrefu, zile siku asizoumwa ndizo siku za kumshika mkono. Mpe vidonge kwa saa. Usimwache ashuke. Ukiambiwa neno na nesi, liseme kwa sauti, hata mbele ya wazee wa ukoo.

Na mgonjwa akikuchagua wewe kati ya watu wote uende naye hospitali, usifurahi haraka. Muulize kwanza kwa nini amekuchagua.