Mbuzi wa Zamu

Sisi tuliosoma shule ya msingi kule kijijini Daudi, enzi madarasa yetu yalipokuwa bado na sakafu ya udongo, tunajuana hata tukikutana stendi ya Mbulu mjini na mvi zetu. Tunajuana kwa miguu. Ukimwona mtu mzima na heshima zake, viatu vya ngozi vinang'aa, lakini akifika penye matope anavivua na kuvishika mkononi, huyo ni mwenzetu, msalimie.

Watoto wa siku hizi baridi ya Julai ikizidi wanaombewa ruhusa kwa simu. Sisi baridi ile tuliifuata. Ulitoka nyumbani ukungu haujaachia, mkono mmoja kuni ya kupikia uji, mkono mwingine kidumu cha maji, na ikiwa ni Ijumaa kuni inapanda kichwani ili ubebe na kinyesi cha ng'ombe kwenye ndoo kuukuu, cha kusiliba sakafu ya darasa. Kinyesi kibichi kina joto lake, kwa hiyo Ijumaa tuliipenda, na wapo waliogombania kuibeba ndoo ile. Ukimweleza haya mtoto wa leo anaziba pua kabla hujamaliza sentensi. Hajui viganja vyetu vilivyofarijika.

Shule yenyewe ilikuwa mikononi mwa viranja. Walimu walikuwa wachache, na wengi waliletwa kutoka mikoa ya joto, kwa hiyo mpaka jua lipande walikuwa wamejikunyata ofisini kama vifaranga. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi, nikikagua kucha na masikio kwa ukali ambao sijui niliutoa wapi, maana masikio yangu hayakukaguliwa na mtu. Kaka mkuu alikuwa Damiani, kijana aliyeheshimu kengele kuliko alivyomheshimu bibi yake. Kengele ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa. Likigongwa, Damiani aliacha chochote alichoshika, hata kama ni kijiko cha uji kilichofika mdomoni, akakimbia mstarini.

Na juu yetu sote alikuwepo dada mkuu, Paskalina. Siku hizi kiranja anaomba kura, anatoa sera, anabandika picha. Paskalina alichaguliwa kwa sababu sauti yake ilivuka korongo. Zaidi ya sauti, alikuwa mbea. Alijua kila mwanafunzi analala wapi, kwao wamekula nini, na ng'ombe wao yupi amezaa. Ukikosa shule siku moja, jioni unamwona huyo mlangoni kwenu, "Shikamoo mama, nimekuja kumwona mgonjwa," na macho yake yanazunguka nyumba nzima kumtafuta mgonjwa.

Ni umbea huo uliomfikisha kwa kina Emiliana. Emiliana alikuwa darasa la nne, mtoto mpole, akili nyingi za hesabu, lakini ghafla akaanza kuchelewa na kusinzia. Mwalimu akigeukia ubao, yeye kichwa kimeshalala juu ya dawati. Aliadhibiwa na hakusema neno. Paskalina akamfuata mpaka nyumbani akayakuta mambo. Kaka yake Emiliana alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi Babati, na mbuzi wote wa baba wakaangukia kwake. Aliwatoa kabla hakujapambazuka, akawalisha, akawarudisha zizini, ndipo akakimbia shule. Na baba yake, Mzee Boay, alishasema mahindi yakivunwa tu, Emiliana anaacha masomo abaki na mbuzi.

Paskalina alituita viranja nyuma ya jiko la uji. Alikuwa na hasira kama mtu aliyeibiwa.

"Huyu mtoto ataachishwa shule," alisema. "Sisi hapa tuna zamu ya kufagia, tuna zamu ya maji, tuna zamu ya choo. Tunashindwa nini kuweka zamu ya mbuzi?"

Hakuna aliyemuuliza mwalimu. Hata leo sijui kwa nini. Nadhani tuliona ni kazi ya viranja kama nyingine. Tukapanga kwamba kiranja wa zamu apitie kwa Mzee Boay asubuhi, baada ya mzee kwenda shambani, awaswage mbuzi mpaka nyuma ya kiwanja cha mpira, awafunge kwenye majani mazuri, na jioni Emiliana arudi nao. Mzee akifika nyumbani anakuta mbuzi wameshiba na binti yuko jikoni. Emiliana akaanza kulala usingizi wa mtu. Akarudi kushika namba kwenye hesabu, nasi tukavimba vichwa kama tumezifanya wenyewe.

Ikafika zamu ya Damiani. Alikuwa kiwanjani, hajamfunga hata mbuzi mmoja, rimu likagongwa. Damiani akaacha kamba akakimbia. Mbuzi nao, wakiona mtu wao anakimbia, wakamfuata.

Tulikuwa mstarini, bendera inapandishwa. Mnajua sheria: bendera ikipanda hakuna kutikisika, awe mwanafunzi, awe mwalimu. Na siku ile kamba ya bendera ikakwama katikati. Mbele ya ofisi kulikuwa na bustani ya maua ya Mwalimu Mkuu, iliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mwalimu wetu alitokea Tanga, na maua yale alikuwa akiyafunika magunia usiku yasiungue na baridi. Mbuzi wakaenda moja kwa moja. Shule nzima tumesimama wima, mikono imebana ubavuni, bendera haipandi, haishuki, na Mwalimu Mkuu naye amesimama wima anayatazama maua yake yakiliwa, machozi yakimlenga. Nilijiuma ulimi nisicheke mpaka nikasikia ladha ya damu.

Bendera ilipofika juu akauliza kwa sauti ndogo, "Jamani, mbuzi hawa wa nani?"

Paskalina akatoka mstarini. "Ni mbuzi wa zamu, mwalimu." Akaeleza yote. Emiliana alikuwa analia. Sote tulijua kwamba baba yake akiitwa, masomo yake yamekwisha.

Baba akaitwa. Alikuja na matope ya shambani, kofia mkononi. Tukaimba shikamoo yetu, akaitikia. Mwalimu Mkuu akamwonyesha bustani, au tuseme mawe ya chokaa, maana ndiyo yaliyobaki. Mzee Boay hakuyatazama sana. Alikuwa anatutazama sisi.

"Jana nani amelisha?" akauliza.

Nikanyoosha kidole.

"Na juzi?"

Kiranja wa bustani akanyoosha.

Mzee akawapapasa mbuzi mbavu, mmoja baada ya mwingine. Halafu akamwambia Mwalimu Mkuu, "Mwalimu, mimi nimekuja chukua mbuzi. Mtoto, hapana. Mtoto abaki."

Tangu siku hiyo alilisha mwenyewe, mtu mzima katikati ya watoto wachungaji, na waliomcheka aliwaacha wacheke. Sisi tulipanda maua upya, viranja wote, kwa adhabu niliyoifanya kwa furaha kuliko zote maishani.

Sasa binti yangu ni kiranja wa darasa hapa mjini. Ana beji, ana tai, amehudhuria semina ya uongozi wakapewa soda. Shule yao ina mwalimu wa malezi na sanduku la maoni lenye kufuli. Viboko vimepungua, namshukuru Mungu. Nawaonea wivu kidogo, na kidogo nawahurumia. Juzi nikamuuliza kama kuna mtoto anayesinzia darasani kwao. Akasema yupo, kila siku. Nikauliza, kwani kwao kuna nini?

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mama! Hayo ni mambo yake binafsi."

Emiliana naye alikuwa na mambo yake binafsi. Bahati yake yalikuwa na pembe, yakala maua mbele ya shule nzima, na hakuna aliyeweza kujifanya hakuyaona.