Upande wa Kulalia

Baba yangu alienda vitani na mgambo wa Muleba, akarudi na kovu chini ya kwapa la kushoto. Kipande cha bomu kilitolewa na kidonda kikafunga, lakini upande ule uliendelea kuwaka. Kule kwetu Ngenge alipalilia migomba kifua wazi hata asubuhi za mvua, kwa sababu hakuvumilia shati kugusa kovu. Usiku alilalia upande wa kulia tu, akimpa mama mgongo, mpaka alipokufa.

Niliondoka kwenda kusoma bila mfadhili, nikarudi Bukoba na stashahada. Kwetu hakuna aliyeipata kabla yangu, na sioni haya kulisema. Shangazi alipoambiwa ni ya dawa za usingizi, alicheka.

"Waitu, miaka yote hiyo umesomea kulaza watu?"

"Kuwalaza na kuwaamsha, shangazi."

"Siku hizi wanalala wenyewe."

Hatukucheka tena. Siku ile tulikuwa tumetoka kuzika mwingine wa ule ugonjwa wa kukonda.

Kisha hospitalini akaletwa mvuvi kutoka kisiwa cha Bumbire, amekonda, usaha umejaa kifuani. Ilibidi ubavu ukatwe. Nilimpa nusu kaputi, halafu nikamwomba daktari asubiri nichome na ganzi.

"Si umeshamlaza? Hasikii kitu."

"Yeye amelala, daktari. Mishipa ya fahamu iko macho. Ukiikata hivyo, kifua kitamuuma hata kidonda kikipona."

"Huyu unamwona ana muda wa kuumwa kidonda kilichopona?"

"Muda alio nao, asiumwe."

Alirudi nyuma hatua moja. Nilipitisha sindano chini ya kila ubavu karibu na pale kisu kingepita, mahali mshipa unapojificha. Wakati wa kushona nikamwomba daktari asiubane mshipa kwa uzi. Hospitalini pale hakuna mwingine aliyejua kazi hiyo.

Kesho yake mvuvi alikohoa bila kushika kifua. Alirudi kisiwani, akavuta nyavu kwa muda. Ugonjwa ule ukamchukua.

Mkewe alikuja kuniambia. "Aliharisha, akaisha mwili wote. Lakini upande ule hakuulalamikia. Ndio aliokuwa akilalia, ananitazama."

Nilimwambia ile ilikuwa kazi ya mkono wangu. Akanishukuru sana. Halafu akauliza kama ile ganzi ingemfaa na yeye. Khanga ilikuwa imeanza kumzunguka mara mbili.