Rangi ya Bluu kwenye Motere ya Mama

Motere, injini ya mashine ya kusaga ya mama, iliporudi kutoka kukarabatiwa, ilikuwa na pistoni mpya, ringi mpya na rangi mpya ya bluu. Pistoni na ringi zilikuwa kazi ya muzee fundi, mtu wa Butembo ambaye ameitunza motere hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Rangi ilikuwa kazi yangu. Mama ndiye aliyenituma.

"Watu wa hapa Mabanga wanaamini macho. Motere mupya na sura ya zamani, nani ataleta mihogo yake?"

Nilipaka mara mbili, sikuacha hata kichwa cha bolti.

Siku ya kwanza ilisaga dakika kumi, ikakohoa, ikazima. Chini yake mafuta ya injini yalikuwa yakivuja kwenye mawe. Akina mama waliinua beseni zao wakavuka barabara kwa jirani, mwenye mashine ya umeme. Na umeme, ambao hukatika kila tunapouhitaji, wiki ile haukukatika hata kidogo. Siku ya tatu tulibaki na wateja wawili, na mmoja alikuwa mama mdogo wangu.

Muzee alisafisha filta, akabadilisha mpira wa kupitishia mazuti, yaani dizeli, akatoa hewa kwenye bomba, akaweka mara mbili sili mpya ya kuzuia mafuta yasivuje. Kazi bure.

Mimi nina lisansi, digrii ya chuo kikuu, ya sosholojia. Nilishuku mazuti tuliyonunua mtaani Birere, nikashuku pistoni kuwa ya bandia, mwisho nikamshuku muzee mwenyewe. Nilimwambia mama, mbele ya muzee, tutafute fundi mwingine.

"Papa," muzee akaniambia bila kuinua kichwa, "ile masomo yako ilikuwa ya motere?"

"Ilikuwa ya kuuliza maswali."

"Basi iulize. Pengine itakujibu kwa Kifaransa."

Jambo moja lilinikera kuliko yote: motere ilikubali kuwaka tu mama akiiombea. Kila ilipozima, alifungua kifuniko cha tanki, akafanya ishara ya msalaba juu ya mazuti, akamwita Bikira Maria, akafunga. Muzee akizungusha hendeli, inawaka. Dakika kumi nyingine.

Siku ya nne ilipozima, nilimwomba mama asali bila kufungua tanki.

"Unataka kupima Mungu?"

"Napima motere, mama."

Alisali, tena kwa kirefu, na mama mdogo akamsaidia. Muzee alizungusha mpaka shati likalowa. Kimya. Kisha mimi, nisiyesali, nikafungua kifuniko, nikahesabu hadi tano, nikafunga. Muzee akazungusha mara moja tu: ikawaka.

"Mumeona?" nilipiga kelele. "Si maombi!"

"Njo nini basi, kama si maombi?" mama akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kukanusha, si kueleza.

Muzee alifungua kifuniko, akakiinua kwenye jua, akakikwangua kwa ncha ya msumari.

"Hapa kuna katundu. Hewa inaingilia hapa. Isipoingia, mazuti inakatala kushuka." Akapiga magoti, akakwangua kibomba kidogo ubavuni mwa injini. "Na huku motere inatolea pumzi. Ukiifunga, inasukuma mafuta inje kwa nguvu." Akanigeukia polepole. "Nani alipaka rangi?"

Mama mdogo alitazama kucha zangu, ambazo bado zilikuwa za bluu.

Motere ilisaga mpaka jioni bila kukohoa wala kudondosha tone. Nilimwomba muzee radhi, kisha nikavuka barabara kuwaita wateja. Ilibidi niwaeleze kisa chote, maana mama alinifuata kuhakikisha siruki sehemu ya burosi yangu ya rangi.

Mpaka leo mama hufungua tanki kila asubuhi na kufanya msalaba. Nilimwuliza anaombea nini tena, tundu likiwa wazi.

"Ile tundu, Bikira njo alituonyesha."

"Mama, ni mimi nilionyesha."

"Wewe? Wewe njo uliiziba."