Ndiva Tuliyoichimba Mno

Tope la ndiva linanuka kama yai viza. Nalijua kwa sababu kila mwaka kijiji kizima tunashuka humo kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo asiyefika hutozwa faini, na kuzoa uchafu wa bwawa letu dogo linalokusanya maji ya mlima ili yateremshwe mashambani kwa zamu. Viluwiluwi, majani yaliyooza, nepi za watoto. Lakini mwaka huu kilichonichefua zaidi ya tope ni uvivu wetu wa kufikiri, na wangu ulikuwemo.

Maji yalikuwa hayafiki tena mashamba ya chini, ambako mama yangu analima maharage. Mwenyekiti wa ndiva, baba yangu mdogo, alikuwa na dawa ileile ya miaka yote: tuchimbe zaidi. Yakiendelea kupungua, mashamba ya chini yatolewe kwenye zamu. "Maji yakiwa machache, wa juu ndio wa kwanza," alisema mkutanoni, na watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi! Mimi, katibu, nilinyofoa tu ngozi ya kidole mpaka damu ikatoka.

Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko mzuri. Hesabu nilifeli kidato cha nne, na tangu hapo najisomea mwenyewe ili nirudie mtihani, kwa kitabu chakavu nilichonunua sokoni Same na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikikosea swali nachana ukurasa mzima na kuanza upya, hata kama kosa lenyewe ni mstari uliopinda. Watu husema ni bidii. Mimi naona ni ugonjwa.

Ndivyo nilivyolikalia na swali la ndiva. Jibu la kwanza lilinijia upesi, nikalipenda kupita kiasi: tumechimba chini kuliko mdomo wa kutolea maji, kwa hiyo ya chini yanabaki humo. Nilichora picha, nikaipaka rangi. Nikajiona nimesimama mkutanoni, watu midomo wazi. Kisha, nikiwa naosha vyombo, nikaelewa kuwa nimejidanganya. Maji ya chini yakishajaa mara moja yanakaa palepale. Yote yanayoingia juu yake yanatoka kama kawaida. Nilikuwa tayari kuwaongoza watu kwa sababu tu mchoro wangu ulipendeza.

Kwa muda sikugusa kitabu. Nilimchukia mwenyekiti, nikajichukia mwenyewe, mpaka nikachoka, na swali bado lilikuwa limenikodolea macho. Kama maji hayabaki chini ya mdomo, yanapotelea wapi?

Jumapili moja ambayo haikuwa na zamu, kabla ya ibada, nilimwomba mama anisaidie kuziba mfereji wa kuingizia na mdomo wa kutolea. Nikachomeka kijiti na kukitia alama usawa wa maji. Pembeni nikaweka beseni lililojaa maji, nijue jua linakunywa kiasi gani.

"Na beseni la nini tena?" mama aliuliza. "Watasema tunayaroga maji."

"Waseme, mama."

Tulipotoka kanisani, beseni lilikuwa karibu kama tulivyoliacha. Kwenye ndiva, ile alama ilikuwa imebaki juu hewani.

Nikachokora ukingoni, ambako majembe yetu hayafiki. Palikuwa na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, mgumu kama sakafu. Katikati, nilipochomeka kijiti, haukuwepo. Tulikuwa tumeukwangua mwaka hadi mwaka, huku tunaimba, tukidhani ni tope. Maji yakipungua tunachimba, tukichimba yanapungua.

Siku ya msaragambo ndiva ilikuwa imekaushwa.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba tusichimbe kwanza."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikaeleza, tena vibaya.

"Injinia wa simu huyo!" kijana mmoja akapaza sauti. "Hesabu zenyewe zilimkataa!"

Wakacheka, hata wale wa mashamba ya chini niliokuwa nawasemea. Kicheko chao ndicho kilichonitia kinyaa kuliko vyote.

"Katibu," mwenyekiti alisema, kama anayembembeleza mtoto, "babu zako walichimba."

"Na wakashindilia, baba mdogo. Njoo uone."

Hakuja. Nikashuka peke yangu, tope likanifika magotini, nikakwangua katikati mpaka jembe likagonga changarawe. Nikaomba ndoo ya maji. Mama ndiye aliyeniletea. Nilipomimina, maji yalizama, likabaki povu. Nikamimina mengine kwenye udongo wa ukingoni. Yakatulia kama yamo kwenye sahani.

Mwenyekiti akakunja suruali, akashuka. Alizamisha kidole kwenye changarawe.

"Basi tumwachie Mungu," mtu akasema nyuma.

"Mungu hakushika jembe hapa," mwenyekiti akamjibu. Kisha akanigeukia. "Haya, katibu. Tunaizibaje?"

Swali la namna hiyo, mbele ya watu wote, ndilo nililokuwa nikiliogopa maisha yangu yote.

"Sijui bado," nikasema. "Nipeni mpaka Jumapili ijayo. Lakini leo asichimbe mtu, na mashamba ya chini yabaki kwenye zamu."

"Na faini je?" yule kijana akauliza. "Nani anatozwa leo?"

"Atakayechimba," mwenyekiti akasema.

Wakaweka majembe chini, wengine kwa kununa.