Madirisha ya Mama wa Steshenari

Juzi, hapa Nyahanga ninapoishi peke yangu, niliweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta yangu iliyochakaa. Dirisha la kwanza nililofungua likapanda kupita ukingo wa juu wa skrini. Hakuna pa kulishika kwa mausi. Kabla sijafikiri, vidole vikabonyeza Alt na F7, kisha mshale wa chini, dirisha likateremka. Aliyenifundisha hayo sikuwa nimemkumbuka miaka mingi.

Nilikuwa na miaka kumi mama aliponiacha kwa bibi, mtaani Kambarage, yeye akaenda Segese kuwapikia wachimbaji. Bibi alinipenda, ila alizungumza Kisukuma tu, nami nilikulia mbali, nikijua Kiswahili peke yake. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukitafuna kimya, kila mtu na mawazo yake.

Kwa hiyo nikishateka maji na kuosha vyombo, nilikuwa navuka barabara kwenda kwa jirani, mama wa steshenari. Alichapa barua na kutoa kopi katika chumba kilichonukia wino wa moto. Kompyuta yake ya mtumba ilikuja na Linux ndani. Mausi ilikuwa imekufa, hakununua nyingine. Kila kitu alifanya kwa kibodi, huku akinieleza.

"Alt na Tab, unahamia dirisha jingine. Ukishika Ctrl na Alt ukapiga mshale, unahamia meza nyingine. Humu ndani ya skrini mna meza nne za kuwekea madirisha, unayoiona ni moja tu."

Mchana mmoja ndugu wa marehemu mmoja walikuja kuchukua ratiba ya mazishi waliyoagiza. Mama wa steshenari akabonyeza vibaya, kazi yote ikatoweka. Akapiga Alt na Tab. Hakuna.

"Nimeifuta. Jamani, nimeifuta!"

"Mama, watu wameshafika makaburini," mmoja wao akasema.

Nikapenyeza mkono, nikashika Ctrl na Alt, nikapiga mshale. Kwenye meza ya pili kulikuwa na barua ndefu: "Mwanangu, leo pia nimekupikia." Nikapiga tena. Ratiba ilikuwa meza ya tatu, nzima.

Walipoondoka nikamuuliza barua ile ni ya nani.

"Ya binti yangu. Yuko machimboni Geita, sijui sehemu gani. Sina pa kuituma, naongeza tu mistari." Akanisogezea kiti. "Wewe mama yako unajua alipo. Mwandikie."

Niliandika kwa kidole kimoja hadi jua likashuka. Akaichapa, akampa dereva wa gari la Segese. Baada ya wiki tatu mama alikuja kunichukua. Nilifurahi kiasi kwamba nilipanda gari bila kuvuka barabara kumuaga jirani yangu. Nadhani alituona tukiondoka. Mlango wake ulikuwa wazi.

Jana nilikwenda Kambarage. Bibi alishafariki, na wapangaji wa sasa wa nyumba yake ni wageni. Chumba kile siku hizi kinauza chakula cha kuku. Nilimsalimia muuzaji, nikamuuliza mama wa steshenari alihamia wapi, na kama binti yake alirudi. Hakuwahi kumsikia. Akaniuliza nahitaji nini. Sifugi kuku, lakini nikamwambia anipimie kilo mbili za pumba, na asiharakishe, nikae kidogo mle chumbani.